Moto Kabla ya Rangi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wamenipigia! Kile kiwanda nilichotoka miaka kumi na moja iliyopita. Kitambaa chao cha sare, polista tupu, kinaota vidonge vya nyuzi. Mtoto akivaa wiki mbili, kiwiko kimejaa vipele kama ngozi ya kuku. Supavaiza sasa ni Amondi — mimi ndiye nilimfundisha kazi! Anasema, Mzee Ooko, njoo utuonyeshe kuchoma manyoya ya kitambaa. Nani mwingine Nairobi hii? Hakuna. Nikatafuta mtu wa kumwambia hapa mtaani Mbotela. Jirani hayuko. Nikaambia redio.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda kwa miguu. Kitambaa kinapita juu ya moto mbio, manyoya yanaungua, kitambaa kinabaki. Hiyo ni mimi! Amondi akasema polista ichomwe baada ya rangi, si kabla. Walimu wake wa kolegi walisema hivyo. Nikacheka. Pamba tulichoma kwanza miaka thelathini.
"Lakini Mzee, hii si pamba."
Nikamwambia, kolegi yako haijawahi kuungua nyusi. Watu wakacheka sana. Akainamisha kichwa, akasema haya, tuchome rola nane za kitambaa.
Kikatoka laini! Nikala githeri kantini na watu kumi na wawili. Niliwahesabu.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna kitu. Nimepika ugali mwingi tena. Miaka mitatu tangu tumzike mke wangu Adoyo, sijajua kipimo cha mtu mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Rangi imetoka. Bluu yote ina nukta nyeusi. Rola zote nane. Polista haiwi majivu — inayeyuka, inabaki punje ndogo ndogo, na punje inakunywa rangi kushinda kitambaa. Nilisema ni rangi mbovu. Nilisema kwa nguvu, mbele ya watu. 
Getini mlinzi akaniambia: Amondi amemwambia meneja ni yeye mwenyewe aliamua kuchoma kwanza. Kesho saa tatu anaitwa ofisini. Huenda akafutwa.

Jumamosi, 8 Machi
Saa moja. Nimenyoa ndevu. Nimeandika karatasi, Ni mimi nilisema, nikaichana. Hiyo ni ya kusema kwa mdomo. Lakini nikisema, hawataniita tena. Nani atanipigia?
Saa mbili na dakika ishirini. Mpaka kiwandani ni dakika arobaini — za miguu yangu ya zamani. Nimevaa kiatu kimoja na bado naandika