Nta Katika Mshono wa Nyuma

Itetemia, Tabora
3 Machi 2025

Mpwa wangu Consolatha,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka salama wewe na wajukuu, na kwamba goti lako linakuacha ulale. Mimi bado nipo. Miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Daktari anasema moyo umechoka kusukuma; nikamwambia hata mimi nimechoka kuusikiliza. Kabula, mtoto wa marehemu binamu yangu anayenitunza, ananinywesha uji wa ulezi asubuhi na jioni, na chumvi ameificha nisikokujua.

Naandika kwa sababu simu siisikii tena, na Kabula akinipokelea hunipa nusu ya maneno. Jumapili aliniambia kwamba umempata fundi wa kuifufua boti ya marehemu baba yako. Kama ni kweli, nakuomba usimpe. Niuzie mimi. Ganda lenyewe tu, bila kasia wala chochote. Masolwa, huyu mhudumu wa behewa anayekuletea barua, anasema linaweza kupakiwa kwenye treni ya mizigo hapo Kigoma likashushwa Tabora. Nitaliweka uani, nilikwangue na kulipiga randa mwenyewe, taratibu. Mwalimu mstaafu asiye na kazi ya mikono hufa mapema kuliko mgonjwa.

Tafadhali lisiguswe kabla halijapakiwa.

Mjomba wako,
Sixbert


Kibirizi, Kigoma
14 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeisikia nusu. Huku hatujambo. Goti ni lilelile, na mvua haitupi nafasi. Dagaa wanaoza kwenye chanja kabla hawajaliona jua.

Mjomba, barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya akina mama wenzangu wa kikundi cha kukausha dagaa. Walicheka mpaka Minza akakaa chini. Mzee wa miaka themanini na mbili, yuko Tabora, anataka boti! Minza anauliza utavulia wapi. Bwawa la Igombe? Au utasubiri masika ijaze mitaro ya Gongoni? "Mwambie aanze na karai," anasema, "akiliweza tumpe boti."

Sikuuzii. Tangu marehemu mama aipindue na kuifanya paa la banda la kuku, imelala kifudifudi karibu miaka arobaini na tisa. Unakumbuka alivyosema: "Boti ya mlevi ifuge kuku." Juzi tuliivua mabati, fundi Mabruki akaigonga kwa nyundo ubao kwa ubao. Anasema huo mninga wa kwenu bado unalia kama kengele. Kikundi chetu hakina chombo, na wenye vyombo wanatuuzia dagaa wanavyotaka wao. Nimeshaamua.

Jina la "Unyanyembe" bado linasomeka kidogo ubavuni. Najua baba alimpa mama heshima hiyo kwa kuwa alitoka Tabora, lakini nitalifuta. Sitaki kitu alichokiita yeye kielee mbele ya macho yangu.

Ila nimekuonea huruma. Uwe mwenye chombo pamoja nasi. Mabruki aitengeneze hapa hapa ufukweni, nawe uje uione ikishuka majini. Wewe uliyenilea ukanipa jina lako niendee shule, nitakunyimaje?

Mpwa wako,
Consolatha Sixbert


Itetemia, Tabora
20 Machi 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Kifua kinanibana nikilala chali, kwa hiyo nalala nimeketi, kama abiria wa daraja la tatu. Mwambie Minza karai nimelishinda.

Nimekubali mpango wako, ila nina ombi moja. Fundi aanze mbele. Mshono wa nyuma, upande wa kushoto, ubao wa tatu kutoka chini, asiuguse. Aupake rangi juu tu, au auache mpaka nitakapokuja. Usiniulize kwa nini. Mzee ana haki ya ukaidi mmoja.

Na jina la boti usiharakie kulifuta. Baba yako alikuwa mtu mwema kuliko tulivyosema.

Mjomba wako,
Sixbert


Kibirizi, Kigoma
9 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimelegea.

Mabruki hakukusikiliza. Alisema, "Mama, boti haikalafatiwi nusu. Ni kama mtu anayenawa mkono mmoja." Unajua kazi yenyewe: pamba iliyolowa mawese inashindiliwa katikati ya mbao mpaka maji yakose njia. Alipofika nyuma kushoto, patasi ikatoa kitu kama kidole, cheusi nje, cha njano ndani. Akakinusa, akakiwashia kiberiti. Kikanuka asali.

Akaniuliza, "Nani aliziba hapa?" Nikamwambia baba. Akatikisa kichwa. "Huyu hakuwa mtu wa ziwa. Huyu ni mtu wa mizinga." Nikamwambia baba alikuwa Muha, mvuvi mwana wa mvuvi. Akasema, "Basi si yeye. Mvuvi haweki nta. Jua likiiona, inaondoka."

Mjomba, ni mshono uleule ulioniambia usiguswe. Mwaka aliokufa baba ulikuwa hapa likizo. Nilikuwa na miaka mitano tu, lakini nakumbuka ulituletea debe la asali na donge la nta. Nililimega nikatafuna, mama akanipiga kibao.

Nta hii ni ya nani?

Mpwa wako,
Consolatha


Itetemia, Tabora
2 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Barua hii nimeiandika mara sita. Tano Kabula amewashia jiko, bila kujua alichokuwa anachoma.

Nta ni yangu.

Ilikuwa Juni 1976. Baba yako alikuwa amemaliza kuipigilia boti mbao mpya, mninga niliomtumia kwa treni. Asubuhi moja aliniachia sehemu ya nyuma kushoto niizibe, yeye akaenda mjini kutafuta rangi. Alinionyesha: pamba, mawese, shindilia, rudia. Kisha akanitania mbele ya watu. "Shemeji, ninyi wa nchi kavu mnayajua maji ya mtungi tu. Usije ukaniwekea ugali humo." Ufukwe mzima ukacheka.

Pamba iliniishia hatua mbili kabla ya mwisho. Ningeweza kuomba kwa mvuvi wa jirani. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, na wale ndio walionicheka. Nikamkumbuka baba yangu kule kijijini karibu na Kigwa. Aliziba kwa nta ufa wa mzinga, ufa wa mtungi, ufa wa ngoma, na hakuna uliomshinda. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoanikwa kwenye mchanga wa Kibirizi saa saba mchana, lakini hilo sikulifikiri. Niliyeyusha nta kwenye kopo, nikaimimina, nikailainisha kwa kidole gumba. Ilipendeza kuliko kazi yake.

Aliporudi alipitisha kiganja juu ya mshono wote. Akasema, "Shemeji, mkono huu ni wa fundi." Sikumwambia. Tangu amwoe dada yangu, hiyo ilikuwa sifa ya kwanza niliyoipata kwake.

Boti ilikaa juani siku tatu. Siku ya nne baba yako alikwenda peke yake kijiji cha jirani kununua mawese. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya sahani. Alasiri wavuvi waliikuta boti imejaa maji hadi ukingoni, naye hayumo. Kesho yake ziwa likamtoa.

Boti ilipovutwa ufukweni, mimi ndiye niliyeikagua kwanza. Mshono wangu ulikuwa wazi, kidole kinapita. Nikatoa kisu nikaikwangua nta iliyoonekana, haraka, huku mama yako akilia nyuma yangu. Iliyokuwa ndani sana sikuifikia.

Wazee wa ufukweni wakauliza: boti mpya, ziwa tulivu, mvuvi mzoefu, maji yameingiaje? Wakataka maelezo yaandikwe, wakanipa mimi kalamu, kwa kuwa nilikuwa msomi na ndugu wa nyumba. Nikaandika: "Marehemu aliondoka akiwa amekunywa pombe." Maneno matano.

Baba yako alikuwa ameapa mbele ya waumini wa kigango kwamba hatagusa pombe, na hakuigusa. Asubuhi ile dada yangu Pelagia mwenyewe alimpa chai. Lakini aliuamini mwandiko wangu kuliko macho yake. Nilimsikia akiwaambia majirani, "Kaka hawezi kuandika uongo." Akaipindua boti. Watoto wakakuita binti wa mlevi, ndipo nikakuchukua, nikakuandikisha shule kwa jina langu. Watu wakaniita mwema. Nimeitwa hivyo miaka arobaini na tisa, na nimeitika.

Bado moja. Sikuitaka boti ili niifufue. Niliposikia umempata fundi, nilitaka ije hapa uani niondoe kilichobaki kabla sijafa, uendelee kunililia kama mtu mwema. Randa na mengine yote nilikudanganya. Huo haukuwa moyo wa toba, ulikuwa woga. Hata hii ninayokuandikia sasa, sijui kama ningeiandika bila patasi ya Mabruki.

Sikuombi kitu.

Mjomba wako,
Sixbert


Kibirizi, Kigoma
30 Juni 2025

Mzee Sixbert,

Sikuamkii. Nimejaribu karibu miezi miwili kuliandika lile neno na mkono umekataa, kwa hiyo naliacha.

Mwaka 1998 nilimfukuza mume wangu kwa sababu ya chupa mbili za bia. Nilisema sitaishi na mlevi kama mama. Ulipanda treni ukaja kusuluhisha. Ulikaa kwenye kiti changu, ukala chakula changu, nikakuuliza kama nimekosea. Ukanijibu, "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hujakosea, mwanangu." Ulikuwa unajua hakuna nyoka. Mume yule alikufa Uvinza akiwa peke yake, wala hakuwa mlevi.

Mama alikufa hajataja jina la baba hata katika sala. Nimekwenda kaburini kwake kumweleza. Nilisimama pale kama mjinga, sikujua nianzie wapi.

Boti haiji Tabora. Mabruki amemaliza. Mshono ule alinipa nyundo mimi, nikaushindilia pamba mwenyewe mpaka akasema, "Mama, basi, utapasua ubao." Jina la Unyanyembe limepakwa upya, kwa rangi nyeupe. Iko mchangani, haijashuka. Haitashuka kabla sijapata ninachotaka.

Nataka maelezo mengine. Mwandiko wako mwenyewe, si wa Kabula. Uandike kama ulivyoandika yale, uweke jina, tarehe na sahihi. Nitayasoma kigangoni Jumapili watu wakiwa hawajatawanyika, kisha nitayasoma ufukweni. Wazee waliokupa kalamu wamekufa wote isipokuwa mmoja, Silasi, na hasikii vizuri. Nitamsomea sikioni.

Fanya haraka. Masolwa ameniambia hali yako.

Consolatha Damas


Itetemia, Tabora
11 Julai 2025

Consolatha,

Barua hii nayasema maneno na Kabula anaandika. Sasa anajua yote. Alilia, akatoka nje, kisha akarudi na uji. Mkono wangu nimeumalizia kwenye karatasi uliyoitaka, ambayo Masolwa atakukabidhi mkononi pamoja na hii. Imenichukua siku nne. Mistari imepinda, lakini mwandiko ni wangu, na yeyote anayeukumbuka ataujua.

Imeandikwa hivi, usije ukaifungua mbele ya watu ukashtuka: "Mimi Sixbert, mwalimu, niliandika Juni 1976 kwamba Damas aliondoka amekunywa pombe. Niliandika uongo. Aliondoka amekunywa chai. Boti yake ilizama kwa sababu niliziba mshono kwa nta, nikaona haya kumwambia. Hakuwa mlevi siku ile wala siku nyingine. Aliyemwita mlevi ni mimi, na wengine wote waliniamini."

Nilitaka kuongeza habari za umri wangu na ugonjwa. Nimeziacha. Maelezo yale ya kwanza hayakuwa na huruma, na haya yasiwe nayo.

Ya mwaka 1998 ni kweli. Nayakumbuka maneno yenyewe. Nilipokuwa kwenye treni ya kurudi nilijiambia kwamba nitakuandikia nikifika. Nilifika.

Usinisubiri kuishusha boti. Daktari ameacha kunibadilishia dawa, na Kabula amenirudishia chumvi. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini anajua maana yake. Ningependa kuiona majini, lakini hiyo nayo ningekuwa nakuomba.

Kuhusu lile neno ambalo mkono wako umelikataa, usiulazimishe. Uliniamkia miaka mingi kwa heshima ambayo haikuwa yangu, na shikamoo zote nilizipokea. Huenda lisije kamwe, na utakuwa na haki. Lakini ikiwa siku moja litakutoka, labda ukiwa unageuza dagaa kwenye chanja na hukukusudia, basi litamke hapo hapo ulipo, hata kama utakuwa umeshaambiwa kwamba nimezikwa. Kwetu salamu haiachwi bila jibu, wala sitaki yako ipite hewani kama ya mtu aliyegonga nyumba isiyo na watu. Jibu lake nakuachia humu, ulitunze au ulichome.

Marahaba.

Sixbert,
shemeji wa Damas