Nagonga Ndoo Ili Kifaru Asiondoke

Dada mshauri, nisaidie, lakini kabla sijaanza kulia ujue kwanza unaandikiwa na nani: mimi ndiye mtu pekee ambaye kifaru huacha chakula akamkimbilia kwa mapenzi matupu, na hakuna daktari wala profesa aliyewahi kufikia hapo. Haya, nimetia chumvi. Hanikimbilii mimi, anaukimbilia ufagio wangu, ule mgumu wa kusugulia sakafu, kwa sababu mimi humkuna nao nyuma ya masikio na chini ya tumbo mpaka anafumba macho na mdomo unamlegea, na akisikia nikigonga ndoo anajua ufagio unakuja.

Mimi ni mtunzaji katika bustani ya wanyama, nazoa kinyesi, naosha zizi, nakata majani, natazama kama kinyesi cha leo kimefanana na cha jana, na kifaru wetu jike tunamwita Bi Mkubwa, jina ambalo mke wangu halipendi hata kidogo, husema, "Bi mkubwa wako yupi, baba, mimi au huyo mwenye pembe?" nami humjibu kwamba mwenye pembe hanigombezi nikichelewa, ndipo nanyimwa chai.

Sasa Bi Mkubwa anahamishwa, vifaru wa aina yake wamebaki wachache na huko kwenye hifadhi kuna dume anamngoja, wakubwa wanataka wazae, na ili asafiri lazima aingie mwenyewe kwenye sanduku kubwa la chuma, atulie, mlango ufungwe, na kumfundisha hayo wameleta binti mmoja mwenye filimbi, anamwekea vipande vya viazi vitamu humo ndani, akipiga hatua binti anapuliza, anampa kipande, hatua nyingine, anapuliza, kipande, na ningepata sababu ya kumchukia huyo binti ningeshukuru, maana kila asubuhi ni "Shikamoo babu, mgongo umeamkaje?" nami naitikia marahaba huku nasaga meno.

Wivu ulinikaba siku nilipomwona Bi Mkubwa akiutuliza ule mdomo wake wa juu, wenye ncha kama kidole, kwenye kiganja cha binti, kitu ambacho mimi hajawahi kunifanyia. Nilikuwa stoo nyuma ya ukuta naosha vyombo, nikaigonga ndoo. Kwa bahati mbaya. Bi Mkubwa alikuwa ameshaingiza miguu ya mbele, akatoka kinyumenyume, akaja mbio kwenye ukuta wangu akihema, ananitafuta. Dada, nilijiona mfalme. Kesho yake ndoo ikaniponyoka tena. Keshokutwa, nisidanganye, niliibamiza.

Binti amekonda kwa mawazo. Jana alikaa juu ya gunia anaifuta filimbi kwa pindo la shati, akaniambia, "Babu, sijui nakosea wapi." Nikamwambia labda filimbi ni mbovu. Na daktari wa wanyama amesema lori likija kabla Bi Mkubwa hajazoea sanduku, itabidi achomwe sindano ya usingizi, na kwa kifua chake kibovu hana hakika kama ataamka. Tangu nisikie hivyo kila usiku naapa sitaigonga tena, lakini asubuhi filimbi ikilia mkono unakwenda wenyewe kwenye ndoo. Nifanye nini? Na huyo dume wa hifadhini simpendi pia, japo hatujaonana.

Mzee wa ndoo

*

Mzee wa ndoo, shikamoo. Tumeshasalimiana, sasa nikuseme.

Umenichekesha mpaka nilipofika kwenye sindano. Wivu hauulizi umri. Nimeandikiwa na wanaomwonea wivu mama mkwe, na mmoja aliyeionea wivu redio ya mumewe. Lakini hao hawakumhatarisha mtu. Wewe kila ukiigonga hiyo ndoo unamsogeza Bi Mkubwa kwenye sindano, kwa mkono ule ule unaomkuna. Unasema unampenda. Unayempenda ni huyo mfalme wa nyuma ya ukuta.

Pole yangu unayo. Kumwoshea mnyama zizi miaka yote, kisha aje mtu na filimbi kumwondoa, kunauma, na sikusoma popote kwamba wakubwa wako walikaa nawe wakakueleza. Hilo ni kosa lao. Ruhusa halikupi.

Kesho, kabla hujashika chombo chochote, mtafute huyo binti. Mwambie: ni mimi na ndoo, filimbi yako ni nzima. Usiseme iliponyoka. Akikasirika, mwache akasirike, usisingizie mgongo ili akuhurumie. Akimaliza, muulize usimame wapi. Mimi si mtu wa vifaru, hata paka wangu hanisikii, lakini kama mnyama huifuata ndoo mpaka anatoka sandukuni, si ataifuata kuingia, ukisimama upande wa pili wa sanduku? Aamue binti, wewe ufuate.

Na siku ya safari ufagio upande lori. Atakayempokea umfundishe pa kumkuna, na usimfiche hata sehemu moja. Nimeshakujua.

*

Dada mshauri,

Nilimwambia. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Babu, mimi nilikuwa nimeshaomba wanitoe kwenye kazi hii." Kisha akanipa ndoo, akanisimamisha kwenye nondo za mbele ya sanduku: "Gonga nikipuliza. Usigonge kabla." Nikagonga kabla. Akanitazama tu. Tangu hapo tukaenda sawa.

Lori lilipokuja Bi Mkubwa aliingia mwenyewe, mlango ukashuka nyuma yake, naye amefumba macho, namkuna kupitia nondo. Sindano ilirudi kwenye mkoba wa daktari. Kijana wa hifadhini nilimwonyesha nyuma ya masikio na chini ya tumbo. Kulikuwa na sehemu moja karibu na mkia nilitaka kuibania, nikakukumbuka, nikamwonyesha. Ufagio umekwenda.

Zizi nimeliosha kwa ufagio mpya. Sasa linabaki safi mpaka jioni, silipendi hivyo.

Lakini na nyinyi mna deni langu. Mpiga picha wa gazeti lenu alikuja wakati wa mvua, akanisimamisha na Bi Mkubwa kwenye uzio, akaahidi kuniletea nakala, mpaka leo sijamwona. Mkumbusheni. Nataka ile ambayo Bi Mkubwa ametoka vizuri, mimi hata kichwa kikikatwa si neno. Na binti wa filimbi akiuliza kama kuna nyingine, mwambieni zimekwisha.