Kipupwe Ndani ya Landrova

Jumatatu, 1 Novemba 1993

Asubuhi friji mbili za soda, ugonjwa mmoja. Mpira wa mlango umechakaa, na mwenyewe anaapa kwamba gesi imekwisha. Nimebadilisha mipira. Mchana nikarudi chini ya landrova ya Shangazi.

Kompresa ya kiyoyozi imeingia. Nimeifunga ubavuni mwa injini, kwenye bati nililolikata na kulikunja mwenyewe. Ilitoka kwenye gari dogo la mtumba lililopinduka Dar es Salaam, ikaletwa kwa lori ndani ya gunia la katani, kama maboga. Siku hizi kila kitu ruksa. Mkanda unazunguka bila kulia. Nimefurahi.

Linus alikuja kuchungulia. Ni dereva wa Shangazi, Mmakonde wa Newala, mtani wangu. "Sasa friji imeota magurudumu," akasema. "Samaki tunapanga wapi?" Nikamrushia kitambaa cha grisi. Kikampata.

Jumatano, 3 Novemba

Niandike jambo lenyewe, maana linanizunguka kichwani.

Gari hili aliliendesha marehemu baba tangu sijaanza shule. Chini yake ndipo nilipojifunza kushika spana. Alipofariki likabaki kwa dada yake, Shangazi Mwanahawa, na kazi yake kubwa sasa ni kupeleka maharusi, kutoka Lindi hadi Kilwa. Bibi harusi anafungiwa nyuma, ushungi usoni, madirisha yamezibwa kwa kanga asionwe na wapita njia. Na jua letu hili. Mwaka jana mmoja alizimia Mchinga. Mwingine alifika wanja umeshuka hadi kidevuni, wakwe wakadhani amelia njia nzima. Watu wakaanza kumkimbia Shangazi.

Yupo mfanyabiashara wa Dar anayetaka kubadilishana naye. Yeye achukue landrova, Shangazi apewe gari la mtumba kutoka Dubai, lenye kiyoyozi cha kiwandani. Shangazi yu karibu kukubali. Nikamwomba asubiri harusi ya Saida, mdogo wangu, anayeolewa Kilwa Masoko mwisho wa mwezi huu. Saida akifika mkavu, gari linabaki. Akifika ameloa, linakwenda.

Amekubali. Ila alikubali huku akipeta mchele, hata macho hakuinua. Nimeudhika. Miaka yote ile ya kiwanda cha barafu, mitambo ikigoma, aliyekuwa akiitwa ni mimi. Kiwanda kimeuzwa, kimefungwa, yamekwisha. Kazi yangu ninaijua bado.

Jumamosi, 6 Novemba

Siku nzuri. Dashibodi.

Feni nimeitoa kwenye basi kuukuu. Koili ya baridi imekaa nyuma ya kiti cha dereva, inapulizia kule anakokaa bibi harusi. Kitasa cha kuzungushia ni cha jiko la umeme lililokufa. Pembeni yake nimepaka rangi nyeupe, kwa herufi kubwa, upande mmoja KASKAZI, upande wa pili KIPUPWE. Sitaki maneno ya Kizungu ambayo Linus atayakisia njiani. Hakuna mtu wa pwani asiyejua kaskazi inavyochoma na kipupwe kinavyopoza.

Halafu vumbi. Barabara ya Kilwa ni unga mtupu. Nimeziba kila tundu la gari kwa mipira ya milango ya friji, ile mizee niliyokuwa nimeitunza. Sasa mlango ukifungwa unasema pup. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi kwa raha zangu tu.

Jumanne, 9 Novemba

Aibu.

Tulikwenda kulijaribu mlima wa Rutamba. Bondeni baridi safi, Linus akanyamaza, na Linus hanyamazi. Tukaanza kupanda. Injini ikazidiwa, sindano ya moto ikapanda kuliko sisi, rejeta ikachemka na kutema maji barabarani. Watu wa Rutamba wakaacha majembe yao kuja kutazama. Bibi mmoja akaniuliza kama tunauza chai.

Kosa lenyewe ninalijua. Koili ya moto, ile inayotoa nje joto lililotolewa ndani, niliiweka mbele ya rejeta. Kwa hiyo nilikuwa ninaipika rejeta. Na kompresa inakula nguvu za injini saa ileile injini inapozihitaji.

Linus hakunitania njia nzima ya kurudi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 12 Novemba

Koili ya moto imepanda juu ya paa, chini ya keria, na feni yake yenyewe. Upepo wa bure.

La pili ndilo linalonifanya nitembee nimeinua shingo. Chini ya pedali ya mafuta nimefunga swichi ndogo ya mlango wa friji, ile inayozima taa. Dereva akikanyaga hadi mwisho, yaani yuko mlimani na gari linavuta, swichi inabonyea na kompresa inajizima. Akilegeza mguu, inawaka. Hahitaji kukumbuka chochote. Sikufundishwa na mtu. Ilinijia nikichambua mchicha, nikaacha mchicha.

Jumatatu, 15 Novemba

Rutamba tena. Tumepanda hadi juu, sindano imetulia. Tumeshuka, tumepanda tena kwa ubishi tu. Baridi nyuma hadi nikajifunika.

Linus akashuka, akazunguka gari, akaliinamia. "Nakusalimia wewe," akaliambia gari, "huyu fundi wako nitamsalimia kesho." Nimecheka hadi nikakaa chini.

Ninajisifu, na sioni haya. Baba angekuwapo angekwenda kuwaambia watu wote wa msikitini.

Ijumaa, 19 Novemba

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Leo alikuja Bi Kibibi, somo wa Saida, yule anayemfunda. Alitaka kulikagua gari la mwanawe. Shikamoo, marahaba, akaingia na Saida nyuma. Saida alikuwa amepakwa wanja wa majaribio. Milango ikafungwa, pup, kanga zikashushwa, Linus akawasha, wakaondoka kwenda Lindi mjini na kurudi. Mimi nikabaki barazani na Shangazi, nimekunja nne kama bwana shauri.

Waliporudi mlango ulifunguliwa kwa teke. Moshi ukatoka kwanza. Kisha Saida akikohoa, macho mekundu, wanja hadi shingoni. Kisha Bi Kibibi, na chetezo mkononi.

Alikuwa ameweka udi. Bila shaka aliweka udi! Bibi harusi gani hapa pwani anasafirishwa bila kufukizwa? Mimi nimezaliwa huku, nimefukizwa huku. Nilifikiria jua, nikafikiria vumbi, nikafikiria mlima. Udi sikuufikiria. Moshi haukuwa na pa kutokea. Feni yangu iliuchukua, ikaupoza, ikamrudishia Saida usoni.

"Mwanangu, umemtengenezea sanduku," Bi Kibibi akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Shangazi akanyanyuka, akakung'uta kanga yake, akamwagiza Linus apeleke salamu Dar. Yule mfanyabiashara akutane naye Kilwa, siku ya kumpeleka Saida, na gari lake. Nimeingia ndani nikalia kwa hasira. Nilimwambia Saida ni moshi.

Jumapili, 21 Novemba

Nimetoboa gari la baba.

Kuna tundu mbele linaloingiza hewa ya nje, limezibwa kwa chandarua kilichokunjwa mara kadhaa ili vumbi libaki huko liliko. Kuna tundu nyuma, juu, la kutolea. Yote mawili yanafunguliwa kwa wenzo mmoja pembeni ya kitasa. Pale nimeandika PUMZI. Nimeweka chetezo ndani na kujifungia mwenyewe. Nimefungua pumzi. Moshi umetoka taratibu, kwa adabu, na baridi imebaki.

Kisha nikaenda kwa Bi Kibibi. Nilikwenda kwa magoti, lakini kwa hoja. Tumezungumza kama wanawake wanaopatanisha koo mbili. Udi utafukizwa gari likiwa limesimama, milango wazi. Njiani hapana makaa. "Na njiani anuke nini, dizeli?" akauliza. Nikamwonyesha ndoano niliyoichomelea mbele ya tundu la baridi. Ni ya kutundikia kikuba cha asumini na rehani. Baridi ikipita pale inapita na harufu.

Akaigusa ndoano. Akasema, "Hapo sawa." Nilitamani Shangazi angesikia.

Jumamosi, 27 Novemba

Ninaandika haya Kilwa Masoko, ukumbini, kelele zote ziko uani.

Nikaha ilikuwa jana. Leo asubuhi tumetoka nyumbani Mitwero. Saida nyuma na Bi Kibibi, mimi nimebanwa pembeni yao na kisanduku cha spana. Shangazi mbele na Linus. Kikuba kwenye ndoano. Jua lilikuwa la kukaanga, vumbi la magari yaliyotutangulia limesimama barabarani kama ukuta. Nilikuwa nikisikiliza kompresa kwa tumbo.

Mchinga tumepita. Hapo ndipo yule bibi harusi wa mwaka jana alipozimia. Saida alikuwa akisinzia. Kupanda kutoka Mbwemkuru Linus akakanyaga hadi mwisho, kompresa ikajizima, tak. Juu akalegeza mguu. Tak. Ikawaka. Linus akainua dole gumba bila kugeuka.

Kabla ya Nangurukuru nikamwona Shangazi anajikunyata. Akavuta kanga mabegani. Akavuta ya pili. Mwisho akasema, akitazama mbele, "Linus, sogeza kidogo kwenye kaskazi. Mifupa yangu haijaolewa."

Bi Kibibi alicheka hadi ushungi ukamdondoka. Mimi nilitazama kanga ya dirishani. Macho yalikuwa yananichoma, na safari hii hapakuwa na moshi.

Wakwe wakampokea kwa vigelegele. Ushungi ukafunuliwa. Wanja umekaa palepale ulipochorwa. Shangazi yake bwana harusi akamshika mikono, akashtuka. "Mbona baridi? Mtoto mgonjwa huyu?" Ilibidi nitoke nje nikawaeleze. Nimewaeleza kwa urefu. Nimewafungulia na boneti. Wanaume wamekuja pia. Nimeeleza tena.

Mfanyabiashara wa Dar alikuwapo, na gari lake jeupe, zuri kweli. Shangazi alilizunguka, akaligonga bati kwa kidole. Akamkaribisha pilau.

Jumatatu, 29 Novemba

Tumerudi Mitwero. Friji moja ya bucha, haigandishi. Mpira wa mlango.

Jioni Shangazi alipita. Hakukaa. Aliacha ufunguo juu ya meza ya spana, ule wa pili wa landrova, wenye kigwe cha ngozi alichokisuka baba. Sikuwa nimeuona tangu mazishi. Akasema nikague breki, Alhamisi kuna bibi harusi wa Kikole. Akaenda zake.

Nimeliosha gari peke yangu. Kiti cha nyuma kina poda kidogo na pini moja ya Saida. Nyumba imekuwa kimya bila yeye, sikutegemea itakuwa kimya hivi. Kikuba kimekauka kwenye ndoano, maua yamekuwa rangi ya chai. Nilitaka kukitoa.

Nikawasha kwanza. Nikazungusha kitasa hadi mwisho wa kipupwe, nikakaa pale alipokaa Saida. Harufu bado ipo, kidogo.

Nimekiacha.