Mahindi ya Msaada Yametoa Mbelewele

Garsen, Jumatano, Juni 1998

Upepo unavuma tangu alfajiri, na leo unanitisha. Bwana shamba mzima, naogopa upepo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye semina Nairobi. Tulionyeshwa jinsi wataalamu wanavyobadilisha mahindi: jeni ya bakteria wa udongoni hupakwa kwenye chembe ndogo sana za dhahabu, kisha chembe hizo hurushwa kwa bunduki maalumu hadi ndani ya seli za mmea. Seli chache huipokea. Hizo huoteshwa kwenye chupa, na mhindi unaotoka humuua wenyewe kiwavi anayeutafuna. Nilistaajabu kweli. Ila mkufunzi alisema huwezi kuutambua kwa macho, na chavua yake, ule unga wa manjano wa mbelewele, ua la kileleni mwa mhindi, hupeperushwa na upepo na kuipeleka jeni hiyo kwa mahindi ya jirani.

Hapo ndipo nilipokosa amani.

Mafuriko ya mwaka huu yalipoisha, Mama Hawaa wa Tarasaa hakuwa na mbegu. Akapanda mahindi ya msaada yaliyoletwa ya kula. Shamba linalopakana na lake ni la dada yake, aliyepanda mbegu ya wazee wao, ile aliyoibeba kichwani akikimbia maji. Kwao haijabaki nyingine.

Juzi Mama Hawaa aliniuliza kama yake ndiyo yale yaliyobadilishwa anayoyasikia redioni. Nikamjibu hayana neno.

Nilidanganya.

Sijui yalitoka wapi. Niliona haya kusema hivyo mbele ya watu waliozoea kuniuliza.

Leo asubuhi nimerudi. Nimemkuta akipalilia, nikamwambia ukweli: huenda ni mahindi ya kawaida tu, lakini sijui, na mbegu ya dada yake ikishachanganyika hatutaweza kuitenganisha. Nilitamani anitukane.

"Ungesema juzi, mwanangu," akasema. "Juzi mbelewele zilikuwa bado hazijafunguka."

Akamwita dada yake. Tumezikata mbelewele za mahindi ya msaada sote watatu, mstari kwa mstari, hadi adhuhuri. Mahindi ya Mama Hawaa bado yatazaa, kwa chavua ya shamba la dada yake. Lakini mistari ya mpakani ilikuwa imeanza kumwaga chavua. Unga wa manjano ulitujaa mikononi. Ni kiasi gani kimeshavuka, hakuna ajuaye.

Wako wengine waliopanda mahindi yale. Kesho naanza kuwapitia shamba kwa shamba, na neno langu la kwanza litakuwa "sijui".

Je, nitalitamka?