Baba na gari la bomba

Jumatano, Mfungo Pili

Nimelipiga picha tena lile gari la bomba la kuzimia moto, na sijuti. Shaba yake ilisuguliwa ikang'aa, na mahamali wanane wakisukuma mipini, maji huruka yakapita mapaa yetu ya makuti.

Niliwaomba mahamali wasitikisike mpaka nihesabu kumi. Nilipofika tatu, Baba akatoka msikitini. Wote wakamgeukia, wakainama: "Shikamoo, bwana." Naye akaweka mkono juu ya gurudumu, akasimama kumsubiri kila mmoja amweleze habari za nyumbani kwake. Ningemkatizaje? Nikaiacha kamera wazi mpaka wakamaliza.

Jioni nimekisafisha kwa dawa kile kioo kilichonasa picha. Mahamali hawana nyuso, wamekuwa ukungu mtupu. Gari limetoka zuri ajabu, kila msumari unaonekana. Na kando yake Baba, wazi kabisa, ametulia kama nguzo. Baba huyu huyu anayeniambia siku zote kwamba kupiga picha za watu ni haramu.

Niliogopa, lakini nimemwonyesha. Amekitazama kitambo kirefu.

"Gurudumu limetoka vizuri," akasema.

Kisha akauliza kama kioo hicho huvunjika upesi, akaniletea kanzu yake kuukuu nikifunikie.