Taa Ndani ya Kabati la Mama

Jumatatu, 1 Julai
Umeme umekatika tena. Nimepiga pasi ya makaa, nimepanga vitenge kwenye kabati la ukutani, chumbani kwa Mama. Ampuli ya kabati, balbu isiyo na kifuniko, inaning'inia kwenye waya karibu na rafu ya juu. Ni zile za zamani zinazochoma. Déo, mume wangu, ndiye aliyeitundika. Anajivunia. Mimi siipendi.

Alhamisi, 4 Julai
Moto umewaka mtaa wa Cimpunda. Nyumba za mbao zilizoshikana kama zetu. Nimeuona moshi nikiwa mlangoni. Naogopa. Mama hatembei tangu apooze miguu. Nani atambeba? Déo anasema napenda kujitia hofu. Haya.

Jumapili, 7 Julai
Umeme haukuwepo tangu jana. Sisi ni kama wote hapa Kadutu: ukikatika hatuzimi swichi. Tunaacha ampuli zitangaze zenyewe umeme ukirudi. Hata ya kabatini. Tukaenda misa, umeme ukarudi tukiwa huko. Kitenge cha juu kilikuwa kimeegemea ampuli. Nilifungua mlango, nyumba imejaa moshi. Mama anakohoa, ameita mpaka sauti imekauka. Nilikivuta kitenge kikifuka, nikakitupa uani, nikakikanyaga. Moto haukuwa umeshika. Bado kidogo tu. Déo akakaa tu kwenye kiti. Leo namchukia.

Jumatatu, 8 Julai
Fundi umeme, Papa Bisimwa, amekata ule waya. Kanuni ya kazi yao: kabati la nguo halitiwi ampuli tupu. Taa iwe na kifuniko, ifungwe kwenye dari ya kabati, mbali na nguo, na iwe LED, isiyopata moto.
Tukaenda soko la Kadutu. Déo akapenda taa yenye minyororo ya dhahabu. Ya kabatini! Nusura nimpige na mkoba. Muuzaji naye akamuunga mkono: "Maman, hii iko muzuri, inapamba."
"Sitake ya kupamba. Nataka ile haitaunguza mama yangu."
Tumechukua ya mviringo, yenye kifuniko cha kioo kilichofungwa kabisa. Sura yake ya sahani. Ndiyo ninayoitaka.

Jumatano, 10 Julai
Imefungwa. Rafu ya juu nimeitoa. Nimepanda kwenye kiti, nikaigusa taa. Haichomi. Nikaenda kupika, nikarudi, nikaigusa tena. Mama ananitazama tu. Nanusa moshi hata mahali usipokuwepo.

Jumamosi, 13 Julai
Umeme ulikatika mchana. Nikazima swichi zote, na ya kabati.
Jioni umeme uliporudi mtaa mzima ukapiga kelele: "Courant! Courant!" Kwetu giza.
Mama akauliza, "Ya kwetu haiyarudi?"
Nikamwambia umerudi, ni mimi niliyezima swichi.
"Basi acha kwanza."
Nikaziacha zimezimwa. Nikakaa kitandani kwake, nikamshika miguu isiyosikia, mpaka majirani wakanyamaza.