Jiko la Mama na Motokaa ya Baba Mdogo

Kisarawe, Jumapili

Halivunjwi! Tangu Baba Mdogo anunue motokaa yake ndogo alishikilia kwamba jiko la mama libomolewe, eti uani hapana nafasi ya kugeuzia. Mama hakubisha, ila usingizi ulimpaa.

Leo nilimwomba Baba Mdogo aizungushe motokaa katika uwanja wa soko, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho.

"Wewe umeendesha motokaa lini?" akacheka. Lakini alizunguka. Nikapima kwa kamba upana wa duara lililoachwa vumbini na tairi la mbele la upande wa nje, nikaongeza kidogo kwa ajili ya pua ya motokaa, kisha nikaikunja kamba nusu, nipate kipimo cha kutoka katikati hadi ukingoni.

Nyumbani nikapiga kigingi katikati ya ua, nikachora duara kwa jivu. Likakata ukuta wa jiko. Nilitaka kulia.

Kisha nikasogeza kigingi kuelekea banda la kuku, nikachora tena. Likapita pembeni!

Baba Mdogo akafuata jivu polepole, akageuka bila kugusa kitu.

"Shemeji," mama akamwambia, "ungelibomoa jiko, leo ungekula nini?"

Alicheka hata yeye. Naogopa mvua italifuta jivu kabla hajazoea. Basi, nitachora tena.